Koti Lako la Bandani

Mkwe,

Nimekwenda kliniki. Jua likiwa kali mchana, ~~mpe ng'ombe vijiko viwili~~ usimpe ng'ombe ule unga wako wa madini wa kumsaidia kuhimili joto. Ameshakula vijiko vinne. Mjazie maji tu.

Nilitaka anipende. Alfajiri ulipokuwa umelala nilijaribu kumkamua, akaipiga ndoo teke. Miaka tisa nimemlea mimi. Wewe na unga wako mna wiki tatu, eti ndio mmekuwa wenyeji! Nikampa hivyo vinne. Akaramba mpaka kijiko, kisha akanigeuzia mkia.

Basi nikavaa koti lako la bandani. Akanusa, akatulia, akaachia maziwa yote.

Koti nimelirudisha msumarini. Usilifue.

Mama mkwe wako