Tangi Mahali pa Kiti Changu

Baba Zawadi,

Salamu za kawaida nimeziruka, maana marehemu haulizwi hali. Nianze na lililonikaa kooni: nina wivu. Wewe umelala Kitale tangu mvua zilizopita, mimi mjane wako niko hapa Gurei, Juba, na bado namwonea wivu yule wako wa mbao na kitambaa aliyejaa uani, pua yake imeelekea dirisha langu la jikoni. Wanawake wengine wakifiwa hujitokeza mke mdogo matangani na mtoto mgongoni. Mimi wangu ana propela.

Usicheke. Najua ungecheka, ukanipiga begani, ukarudi zako kwake.

Mizani yangu sijaisahau. Mwoka keki bila mizani atafanya nini? Asubuhi moja nataka kupima unga wa keki ya harusi iliyoagizwa pale ninapofanya kazi, kwenye ile hoteli ya makontena, naangalia huku, naangalia kule, mizani haipo. Nikaikuta chini ya rakuba, kile kibanda cha mabati uani, wewe na Wani mmeiinamia, mnapima gundi. Gundi, Baba Zawadi! Mlipima skrubu, mkapima rangi, mkapima hata sponji ya kukalia. Ukaniambia kila kitu kizito ni mwizi wa mara mbili, kinaiba mwendo halafu kinaiba mafuta. Ulitoboa matundu kwenye kila kipande cha chuma ulichoona hakina kazi kubwa, na siku ulipokosa cha kutoboa ukatoboa mpini wa upawa wangu, eti unajaribu drili. Mpaka leo nikipakua mchuzi naliona lile tundu.

Sikatai ulikuwa fundi. Wiki nzima ulikuwa unatengeneza ndege za watu pale uwanjani, na Jumamosi unatengeneza yako, pamoja na Wani seremala, yule aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda ambaye kabla yako hakuwa amewahi kuunda kitu chochote chenye mabawa. Ramani uliagiza kwa posta, injini ukaitoa kwenye gari dogo kuukuu. Na nia yako ulimwambia kila aliyetaka kusikia: kutoka Juba mpaka Kitale bila kutua, kwa mafuta ambayo pikipiki za watu wawili zingeyamaliza wiki moja mjini. Unywe chai Gurei, ule cha mchana kwa mama yako, umwone Zawadi wetu aliyekuwa anasoma huko. Sisi wengine tupande basi, Nimule, Kampala, Malaba, tufike tumevimba miguu.

Halafu ukaja na lile la kiti.

Ramani ilikuwa na viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Nilikiona cha nyuma kwa macho yangu, Wani alikipiga msasa vizuri, mimi nikajiona kimya kimya nimekikalia. Hata leso ya kujifunga kichwani nilishaichagua. Jumamosi moja natoka sokoni, kiti hakipo, pale pamekaa tangi la pili la mafuta. Nikakuuliza, na mimi je? Ukafuta mikono, hukunitazama hata usoni, ukasema, "Mke wangu, ndege haijui mapenzi, inajua kilo." Wani akacheka. Maneno yako niliyameza, lakini kile kicheko cha mtu wa pembeni kilinikata maini. Siku hiyo mlikula ugali mkavu, nyinyi mkadhani mboga imeungua.

Nilikwambia naumwa kichwa. Kichwa kilikuwa kizima. Nilikuwa namwonea wivu hata Zawadi, mtoto niliyemzaa mwenyewe, kwa sababu yeye alikuwa anaundiwa ndege na mimi napigiwa hesabu.

Kisha malaria ikakupanda kichwani, na hukukaa hata wiki. Nilikurudisha nyumbani kwa ndege ya mizigo. Vijana wako wa uwanjani walikubeba kwa heshima, kofia mkononi, lakini sheria ya mizigo ni sheria, jeneza likawekwa juu ya mizani. Niliona yule kijana akisoma namba, akageuka upande asinitazame. Ee Mungu wangu. Wewe uliyepima kila kitu. Pale chini sikulia. Nililia tulipokuwa juu, nilipokumbuka kwamba miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kupanda ndege pamoja, na hii ndiyo ya kwanza. Rubani msaidizi akaja nyuma akaniletea maji ya chupa.

Sasa nikueleze ya huku.

Wani alikulilia kunishinda. Kabla hatujakusafirisha, pale nyumbani, alikaa chini ya rakuba akakumbatia gurudumu akalia kwa sauti mpaka mama mmoja wa kanisani akaniuliza kama ni mdogo wako. Nikamjibu ndiyo, ni wa upande wa propela. Niliporudi kutoka Kitale akawa anakuja kila Jumamosi kana kwamba hujafa. Hodi, Mama Zawadi, habari ya asubuhi, anapitiliza moja kwa moja, anafuta vumbi la mabawa, anachungulia kama mchwa wamepanda. Mimi namtazama dirishani na roho inaniuma. Jumamosi zako zote alikuwa nazo yeye. Mimi nilibaki na siku za kazi, ukirudi umechoka, soksi zinanuka mafuta ya ndege, unasinzia na kijiko mdomoni.

Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Uongo. Mimi nimenenepa.

Basi siku moja nikamkamata uani. Nikamwambia, Wani, unataka kuendelea kuja hapa? Keti. Unieleze mlikuwa mnazungumza nini miaka yote hiyo, yote, na usinifiche. Nikamwekea chai na keki ya ndizi, nikakaa mbele yake. Maskini akaniangalia kama mtu aliyeitwa polisi.

Akaeleza. Jumamosi ile, na iliyofuata, na nyingine. Baba Zawadi, jamani! Kumbe mlikuwa mnazungumza upepo! Jinsi upepo unavyokamata kila kinachochomoza, hata kichwa cha skrubu. Jinsi ulivyoziba mianya ya mabawa kwa utepe, ndege ikapata mwendo wa bure bila tone moja la ziada. Jinsi mlivyoyavika magurudumu viatu ili yasiburute hewa. Jinsi mwendo wenyewe ulivyo mdanganyifu: ukiikimbiza ndege kwa nguvu zake zote, upepo unakuwa mzito kama uji na injini inabugia, lakini ukipunguza kidogo tu, utachelewa kidogo sana na mafuta utabaki nayo. Mimi nangoja siri za mume wangu, naletewa uji. Na kibaya zaidi nilianza kuelewa. Nilijikuta namuuliza Wani kwa nini hamkupunguza na mkia.

Mwishowe nikauliza lile nililokuwa nalizunguka. Na mimi? Alikuwa anasema nini juu yangu?

Wani akakuna kichwa. Alifikiri sana, niliona anatafuta kila kona. Akasema, "Malesh, samahani, Mama Zawadi. Alisema wewe iko napika keki mzuri sana." Nikamwambia, basi? Akasema, "Basi. Sisi ilikuwa na kazi mingi."

Nilitaka anidanganye. Uongo mdogo tu wa adabu, ungemgharimu nini? Nilichukua keki iliyobaki mezani nikawamwagia kuku wa jirani, na yeye akaondoka bila kumaliza chai.

Alirudi na habari kubwa. Kapteni, yule Mkenya mwenzetu aliyeirusha mara chache kule kiwanja cha Rejaf ulipokuwa hai, wewe ukingoja leseni yako, umekaa chini na saa yako na kijiti cha kupimia tangi, ameshapata ruhusa. Yuko tayari kuipeleka Kitale kama ulivyotaka, matangi mawili, mtu mmoja, bila kutua, kwa heshima yako. Uwanja mzima wa ndege unajua. Wani macho yanamwaka. Nikamsikiliza mpaka akamaliza, nikasema, ng'oa tangi la nyuma, rudisha kiti, na mimi nakwenda.

Ungeuona uso wake. Ni kama nilimwambia tukakufukue.

"Mzee alisema tangi, Mama Zawadi. Alisema kilo. Na wewe iko..." Nikamwambia sema, mimi niko nini? "Wewe iko mama ya mwili." Nikamwambia ndiyo, niko na mwili, Mungu amenipa na unga umeongeza, endelea. Akaendelea kwa uchungu kabisa: ndege itavuta miguu, itakunywa, Kitale haitafika kwa tangi moja, itabidi ishuke Lokichoggio kuomba mafuta kama lori. Safari yote ya Mzee itakuwa imeharibika. Mzee atakasirika.

Nikapandisha sauti, majirani walisikia. Nikasema, Mzee amekufa, Wani! Aliyebaki ni mimi!

Kisha akaanza kulia tena, na safari hii sikumwonea wivu, nililia naye, lakini tangi sikulisamehe.

Alikaa siku kadhaa haonekani. Nikadhani nimempoteza, na nikashangaa kwamba ninajali. Alipokuja alikuja na kiti begani. Unajua kilikuwa wapi? Kwake! Mke wake alikuwa anakikalia akichambua maharage. Mwaka mzima mwanamke mwingine ameketi kwenye kiti changu na mimi nahesabiwa kilo! Nilimwambia ampe salamu zangu, na nikakifuta kwa maji moto.

Ijumaa tuliipakia kwenye lori, mabawa pembeni yamefungwa kwa magodoro, mpaka kile kiwanja cha vumbi upande wa Rejaf. Asubuhi, kwa kuijaribu tu kabla ya safari, Kapteni akakaa mbele, mimi nyuma, leso kichwani. Wani akanifunga mkanda, akaukaza, akasema "kwisha" kwa sauti ya mtu anayefunga mlango wa duka lisilo lake. Tukakimbia, tukakimbia, nikaanza kuona nyasi za mwisho wa kiwanja, nikasema Yesu wangu nimeiua. Kisha vumbi likaisha chini yetu.

Nilijiandaa kuichukia. Nilitaka nikae humo na hasira yangu, nishuke, yaishe. Lakini niliona mto wote kwa mara moja, na kilima cha Rejaf kiko chini yangu, na mashamba ya mahindi ukingoni, na mtu kwenye mtumbwi akatupungia kasia. Upepo ulikuwa unapita pembeni ya ile mbao kwa sauti laini, nami nilijua kwa nini ni laini, nilijua utepe uko wapi na nani aliubandika. Nikacheka peke yangu. Halafu hasira ikanipanda upya, kubwa kuliko ya kwanza. Kumbe ndivyo ilivyo? Huku ndiko ulikotaka kuja peke yako? Ulijua kuna hiki, ukaniambia habari ya kilo? Wivu wangu haukupoa huko juu, Baba Zawadi, uliwaka. Nilikutukana kwa Kitaita cha kwetu mpaka Kapteni akageuka kuuliza kama naumwa.

Tuliposhuka Wani alishakuja mbio na kijiti chako. Akakichovya, akakitazama, akakichovya tena. "Mwendo imeanguka," akasema. "Mafuta imekunywa." Na akanitazama kana kwamba nimeyanywa mimi kwa mdomo. Kapteni alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilimpokonya Wani kijiti, nikasoma mwenyewe, na ni kweli, imekunywa sana. Nikamwambia tukiziba ule mwanya wa kioo cha nyuma, ambako upepo ulikuwa unanipuliza shingoni, itapungua. Alifikiri kidogo, akasema inawezekana. Tukauziba sote wawili kabla jua halijawa kali.

Tunaondoka Jumamosi ijayo. Zawadi anajua, mama yako anajua, amesema haraka haraka haina baraka na kwamba atachinja kuku akiniona nimekanyaga chini, siyo kabla. Wani atatangulia kwa basi, maana anataka kuwa pale na kijiti tukitua. Nimemfungia keki ya njiani.

Pumzika sasa, mume wangu. Nilikupenda, na sijamaliza kukukasirikia, na sioni kwa nini nichague moja. Nakuahidi nitafika kaburini kwako Jumamosi hiyo, nimechelewa, nimetua Lokichoggio kuomba mafuta kama lori, tangi karibu tupu. Na sitapunguza hata kilo moja kwa ajili yenu. Ndege yako nimeivumilia miaka yote ile. Sasa nayo inivumilie, inibebe nilivyo, na inywe.

Mkeo,
Mama Zawadi