Dungu la Teddy

Lumemo, Ifakara
2 Mei 2025

Kaka Kasmiri,

Shikamoo. Mvua imetutosha, mpunga wetu wa Namawala umeanza kuinamisha masuke, na mama anakuulizia kila tukitoka misa.

Hongera kwa mwanao Balbina kupata chuo huko kwenu Marekani. Uliniambia vyuo vimekatazwa kuangalia rangi ya mtu, ila mtoto akiandika insha ya tabu alizopata kwa weusi wake, wanaisoma. Kumbe ndiyo maana alimpigia mwanangu Teddy simu wiki nzima, akimuuliza habari za shamba. Insha tumeisoma. Eti Balbina amekua akisomea juu ya dungu, huku akifukuza ndege wasile mpunga! Kaka, Balbina alikaa kwetu siku tisa, na dungu alilipanda kupiga picha.

Teddy naye aliomba chuo hichohicho. Kwenye mtihani wao wa kuombea chuo alimpita Balbina kwa alama mia na arobaini. Katika insha yake aliandika anavyopenda hesabu. Wamemkataa.

Sasa unaomba picha ya dungu, chuo kiiweke kwenye jarida lake. Sikutumii. Kila ninapoelekeza simu, Teddy anaingia kwenye picha. Yuko juu palepale, anafukuza ndege.

Mdogo wako ambaye bado anakuamkia,
Restuta