Miaka Mitano Niliyomficha Baba

Mama yangu uliyelala kando ya migomba,

Leo, Jumapili, naondoka. Nimepata kazi ya uuguzi Ujerumani, katika nyumba ya kutunzia wazee, na sanduku nililonunua Keroka limesimama mlangoni mwa chumba chako tangu wiki iliyopita. Nadhani umeliona. Nakuandikia kwa sababu ya yaliyotokea Ijumaa shambani, na kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumuuliza.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuchuma majani chai? Nilikuwa na miaka saba, kikapu kikinigonga visigino. "Usikimbize mikono, Kerubo," ukaniambia. "Majani hayana miguu." Tangu siku hiyo shamba likawa mahali petu pa kusemezana. Wewe mstari wako, mimi wangu, bila kutazamana. Ndiko nilikokwambia nimefeli hesabu. Ndiko nilikokwambia juu ya yule kijana wa Marani. Hukunikatiza hata mara moja. Uliitikia kwa koo tu, "mm", ile inayopanda juu kama swali, vidole vikiendelea kukata, tak, tak. Na ikifika jioni baba alikuwa ameshajua yote! Nilipokulalamikia ulicheka. "Mimi na baba yako tunakula sahani moja. Nitamficha wapi?"

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike. Baba bado ni mzee wa kanisa, bado ananyoa ndevu kila Ijumaa kujiandaa kwa Sabato, lakini magoti yamemwishia nguvu. Nilipopata kazi nilimwambia nitakaa miaka miwili. Mkataba unasema mitano. Nilifikiria umri wake, ulimi ukakataa kuitamka hiyo mitano. Sikumwambia mtu yeyote.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kuchuma kwa mara ya mwisho. Ukungu ulikuwa mzito, ule unaopanda kutoka mtoni hadi usione mkono wako ukiunyoosha. Nikasikia mtu anachuma mstari wa pili, upande wa chini. Nikajua ni Nyaboke, jirani yetu, ambaye amekuwa akitusaidia tangu ulipotuacha. Nikamsalimia.

"Mm," akaitikia.

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni kule kutotazamana. Nilimweleza habari ya mkataba, na ule uongo, na mambo ambayo hata kwenye maombi sijayataja. "Ni miaka mitano, Nyaboke. Naogopa nikirudi nitamkuta baba amelazwa kando ya mama."

Tak, tak.

"Unaona nimwambie?"

Vidole vikasimama. Kisha ikaja "mm" nyingine, ikipanda juu, na nywele za shingoni zikanisimama kabla akili haijajua kwa nini.

"Nyaboke?"

Nilibaki palepale mpaka jua likapenya. Hakukuwa na mtu. Umande ulikuwa umejaa shamba zima, isipokuwa mstari ule. Ule ulikuwa mkavu, umechumwa kutoka juu hadi mtoni, majani mawili na kichipukizi, umesawazishwa kama kitanda kilichotandikwa. Kwenye matope niliona nyayo zangu pekee.

Nilimpigia Nyaboke simu. Alikuwa kwa dada yake, Kisii mjini, tangu Jumatano.

Nikarudi nyumbani mbio. Baba alikuwa jikoni na bakuli lake la uji, nusu ya kidevu imenyolewa, nusu bado. Hakuniangalia.

"Kerubo, ni miaka mitano?"

Kikapu kikaniponyoka. "Nani amekwambia?"

"Mwenye huniambia mambo yako."

"Lakini baba, si wewe unayetufundisha kwamba wafu wamelala, hawajui kitu?"

"Ndivyo ninavyofundisha." Akapuliza uji. "Na kesho nitafundisha hivyo hivyo. Lakini tangu tiketi yako ifike, ukungu ukiwa mwingi anakuja hapo dirishani. Anasema, anaenda. Mimi simjibu."

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani. "Uende," akasema. "Ungeniambia tangu mwanzo, ningekwambia hivyo hivyo."

Nikamuuliza kama ulisema jingine. Alikoroga uji muda mrefu, uji ambao hauna sukari ya kukoroga.

"Amesema nisiwe na wasiwasi, kwamba sitakaa peke yangu."

Mama, maneno hayo nimeyageuza huku na huku siku mbili hizi, na bado sijui kama ulikuwa unamfariji au unampa miadi. Baba ameyapokea vizuri mno. Leo amefagia kaburi lako, amepunguza migomba upande wa kulia, akaniambia anataka tu pawe na nafasi. Sikuthubutu kumuuliza nafasi ya nini.

Naondoka kwa sababu ameniambia niende, na kwa sababu nikibaki tutakuwa wawili wa kukaa tukisikiliza dirisha. Barua hii nitaiweka juu yako, chini ya jiwe, kabla gari halijaja. Mchumie chai, magoti yake hayawezi tena mteremko. Mpelekee habari zangu zote, hata nitakazojaribu kumficha. Kaa karibu naye kadiri unavyotaka.

Ila usimwite, mama. Nakusihi kwa maziwa uliyoninyonyesha, usimwite kabla sijarudi.

Ni mimi, binti yako wa mwisho,
Kerubo