Kiungo cha Pembe za Mviringo

Mama Pacha, mke wangu,

Nimefika salama na mikebe yangu tisa ya sinema. Ukumbi wenyewe ni ghala la pamba lililopakwa chokaa, lakini watu walijaa hadi madirishani. Wengi hawajawahi kuona picha zikitembea. Wasalimie pacha, na umwite fundi azibe bati la jikoni.

Kuna jambo dogo. Nimemkuta hapa Bwana Kofia, mshindani wetu, anayejigamba kwamba ndiye wa kwanza kusambaza sinema huku. Mkanda wake wa sinema ulikatika, akaniomba nimsaidie. Nikiukagua, vidole vyangu vikapita kwenye kiungo cha siku za karibuni, pale vipande viwili vya mkanda vilipogundishwa. Gundi ilipakwa nyembamba, na pembe zilizungushwa kwa wembe ili zisinase kwenye mtambo wa kuonyeshea picha. Mtindo huo tuliubuni mimi na wewe, mezani kwetu. Mimi sijamfundisha mtu.

Nikamuuliza Kofia, kama mzaha, nani anamuungia mikanda.

"Mtu mwenye mikono myepesi," akasema, akaanza kufuta mtambo ambao ulikuwa safi.

Labda kuna aliyetuchungulia dirishani. Nimejaribu kuamini hivyo tangu asubuhi. Ila kiungo kile nilikivuta mara tatu, hakikuachia. Lakini katika viungo ulivyoniungia wewe kabla sijaondoka, viwili vimeshaachia mbele ya watazamaji.

Nijibu kwa mkono wako.

Bado mumeo,
Baba Pacha