Pakiti ya kijani juu ya seva

Pei-shan, uko?

Nilikuwa naosha kikombe cha chai kama kila asubuhi, mara simu zote za ofisi zikaanza kulia. Oda za wateja zimefutika. Zote.

Bosi Liao akaenda kwenye seva, ile kompyuta kuu inayohifadhi oda, akainua ile pakiti ya kijani ya vitafunwa tunayoiweka juu yake kama hirizi ili mashine isigome. Muda wake wa kuliwa uliisha mwezi jana. Akamgeukia Bor-yuan, anayetunza seva: "Bor-yuan, kama pakiti tu imekushinda, seva utaiweza?"

"Labda ilikuwa na njaa," mtu akasema, wakacheka. Bosi hakucheka. Akamwambia Bor-yuan aandike barua ya kukiri kosa.

Si pakiti, Pei-shan. Ni mimi. Nilipounganisha programu yangu ya JavaScript na hifadhidata, nilibandika anwani ya ile ya kweli badala ya ile ya majaribio. Nikaiamuru ifute kila kitu ianze upya, nikaenda kuosha kikombe.

Nikakaa tu, namtazama Bor-yuan anatafuta kalamu. Anatafuta kalamu, Pei-shan.

Nikasimama. Sauti ilitoka ndogo mpaka bosi akauliza, "Unasemaje, Yun-ju?"

"Nasema asiandike. Nilizifuta mimi."