Gauni za Belo na Sare ya Chuo

Shangazi Asmahani, shikamoo. Naomba unisaidie, ingawa leo nakuandikia roho ikiwa imetulia kidogo. Mimi ni Dorcas, nasoma ualimu hapa Kasulu, na ugonjwa wangu ni mitumba, yaani Safina muuza nguo akinipigia simu tu kwamba kesho nafungua belo, njoo uchague wa kwanza, mwili unanisisimka, naacha hata kipindi nakimbilia sokoni, na mkono ukishazama kwenye lile rundo nasahau dunia, nabeba gauni, nabeba blauzi, nikifika bwenini natupia sandukuni wala sivai, maana chuoni tunavaa sare na Jumapili kanisani naenda na kitenge kile kile, na muhula huu nimeuza hadi gunia la maharage aliyonitumia mama kutoka Makere, nikawa namdoea Mwajabu, mwenzangu wa chumbani, nikimdanganya kuwa mzigo umechelewa. Juzi mama kapiga simu, anakuja Jumamosi kuniona. Yebaba! Nikataka kutoroka chuo. Nikamwambia Mwajabu ukweli wote huku nalia, naye akafungua sanduku, akavaa gauni tatu moja juu ya nyingine, tukacheka mpaka mbavu zikauma, na siku hiyo nikalala usingizi. Lakini mama je? Nimwambie au ninyamaze?

Marahaba, Dorcas mwanangu. Nimecheka, halafu nimekasirika. Sanduku limefurika gauni, mwenyewe yuko na sare! Huna hata haya? Yale maharage mama yako kayapalilia mgongo ukimuuma, wewe ukayageuza blauzi. Ila pole, najua utamu wa kuitwa wa kwanza. Ndicho ulichokuwa unanunua, wala si nguo.

Kumwambia Mwajabu umefanya vizuri, ndiyo maana umelala. Sasa mpigie mama leo hii, kabla hajapanda gari. Atafoka. Mwache afoke, ana haki, na hatakukana. Mwambie Safina asikuite tena kwenye belo, bali akupe nafasi pembeni ya turubai lake uuze zile nguo mwenyewe, ununue maharage, na sufuria ya kwanza ale Mwajabu.

Lakini usiuze hata moja kabla ya Jumamosi. Mama akifika, fungua sanduku mbele yake. Huyo hajawahi kupigiwa simu na muuza belo hata siku moja. Achague wa kwanza.