Mashine Chini ya Meza ya Mama Shemdoe

Jumatano jioni, ukungu

Nimeshasaini, na hilo ndilo linaloniuma. Wiki iliyopita niliandika kwenye ripoti kwamba hapa hospitalini hakuna tena kanzidata ya zamani, zote nimezisasisha. Kumbe sikuinama kutazama chini ya meza ya Mama Shemdoe wa mapokezi.

Leo asubuhi nimesasisha seva, ikagoma kuwaka. Tena siku ya gulio! Watu wametoka Shume tangu alfajiri, foleni imefika getini, na mimi natokwa jasho kwenye baridi hii.

Ajabu, foleni ikawa inasogea. Nikaenda mapokezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeharibu tena?"

Akafunua kitenge. Chini yake kompyuta kuukuu, na ndani yake kanzidata ya zamani, ile ile niliyodai haipo tena. Miaka yote hii, kila jioni ananakili humo taarifa za wagonjwa, kwa sababu hana imani na sisi watu wa kompyuta.

Haina hata nenosiri. Waliotengeneza programu ile waliacha kuihudumia zamani. Akiingia mwizi, magonjwa ya watu wote yako wazi. Nilipaswa kuing'oa pale pale, lakini nitaanzaje? Huyu ndiye aliyeandika jina langu daftarini siku niliyozaliwa.

Kesho nitamwambia. Au Ijumaa...

Ripoti yangu inasema mashine ile haipo. Lakini leo, mpaka seva ilipowaka saa nane mchana, mashine ambayo haikuwepo ni yangu.